Barua ya wazi kwa Maspika wetu wawili: kikombe cha tatu kimevunjika kibandani

Waheshimiwa Wetang'ula wa Bunge la Taifa na Kingi wa Seneti, salaam.

Mimi nauza chai na mahamri kwa mbaazi hapa Changamwe, Mombasa, pale malori yanapojipanga kuelekea bandarini. Jumanne iliyopita nimevunjiwa kikombe cha tatu mwaka huu na vyote vitatu vimevunjika kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga kibandani kwangu, Rais Ruto. Madereva wawili, watu wazima wenye watoto, mmoja anasema Tutam, yaani Rais apewe mihula miwili, mwenzake anasema Wantam, yaani muhula mmoja unatosha, mmoja anasema huyu ndiye rais wa kwanza kufanya kazi, mwingine anasema huyu hata akikwambia leo ni Jumatatu angalia kalenda kwanza. Mara meza imepigwa ngumi, kikombe chini, mbaazi kwenye kanzu ya mzee wa watu aliyekuwa amejikalia zake anasubiri chapati.

Najua mtauliza mbona naandikia nyinyi na si Rais mwenyewe. Rais anaandikiwa na kila mtu. Na wale wa upinzani wana maiki za kutosha, wakitaka kusoma hii barua wasome, ila wakae nyuma kidogo, mbele mnakaa nyinyi wawili kwa sababu kitu ninachokiomba, Rais aulizwe maswali Bungeni baada ya hotuba yake ya kila mwaka, kiko mkononi mwenu. Na wewe Mheshimiwa Kingi ni mtu wa Kilifi, umekuwa gavana hapo jirani miaka kumi, mahamri unayajua, kwa hiyo usinifanye mgeni.

Hebu niwaeleze kwanza vile mabishano yanavyokwenda hapa, maana nyinyi mnayasikia ya huko Bungeni ambayo yamepigwa pasi.

Huyu wa Tutam anaanza na bandari. Anasema 13 Septemba 2022 pale Kasarani, jasho la kuapishwa halijakauka, Ruto alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Na ni kweli. Mimi ni shahidi, sihitaji kusimuliwa. Wakati ule mizigo inasukumwa kwenye reli ya SGR kwenda Nairobi, na 2019 likatoka lile agizo la kuipandisha reli kwa lazima, hapa palikuwa pamekufa. Nilikuwa nakanda unga kilo mbili na mahamri yanalala. Watu wa Mombasa waliandamana zile Jumatatu Nyeusi mpaka miguu ikaota sugu. Malori yaliporudi barabarani nilirudi kukanda kilo nane, na hilo nikilisema kuna wateja wananiita mama wa UDA, chama cha Rais. Sina kadi ya chama chochote, nina kadi ya duka la unga.

Lakini ngoja. Wa Wantam naye anamuuliza mwenzake swali moja tu, wakati mizigo inapelekwa Nairobi naibu wa rais alikuwa nani? Kimya. Alikuwa huyo huyo. Serikali ya Uhuru kuanzia 2013 mpaka 2022 ilikuwa na naibu mmoja. Sasa hapo huyu anaanza, aah lakini alikuwa ametengwa, hakuwa na nguvu, na yule anasema sasa Gachagua, aliyekuwa naibu wa Ruto, akisema hivyo hivyo mbona mnamcheka? Na kusema ukweli hapo mimi nilicheka nikamwaga maziwa.

Maana ndio hivyo waheshimiwa. Gachagua alikaa na Rais miaka miwili, alitetea kila kitu, ndiye aliyetuambia serikali ni kama kampuni na kuna wenye hisa, ikafika Oktoba 2024 mkamng'oa, nyinyi nyinyi, Bunge la Taifa kwanza kisha Seneti, na tangu siku hiyo kila akipanda jukwaani Rais ni muongo. Upande wa pili, Machi 2023 ODM, chama cha Raila, walikuwa barabarani na sufuria kichwani wakisema maisha yamepanda na serikali haisemi ukweli, Agosti 2024 wenzao wanaapishwa mawaziri, Mbadi kwenye fedha, Joho wetu kwenye madini, na ghafla takwimu za serikali zikawa tamu kama halua. Kalonzo angalau hakuhama, ingawa wazee hapa kibandani wanakumbuka Januari 2008 alipoingia serikali ya Kibaki kuwa makamu wa rais, na hawachelewi kukutajia. Rekodi ya Rais haikubadilika siku mtu alipopewa gari la bendera wala siku aliponyang'anywa. Kilichobadilika ni kiti. Maneno ni yale yale, midomo ndio imebadilishana.

Na sisi huku chini tunabishana tukidhani tunabishana juu ya Rais, kumbe kila mmoja anamtetea aliyemuahidi kiti.

Haya, tukaingia kwenye bei. Hapa nikae kidogo kwa sababu ndio kazi yangu, kila siku nanunua ngano, sukari, mafuta, maziwa na nazi. Huyu wa Tutam ana simu yake amepiga picha jedwali, anasoma, Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ni asilimia 2.7, anasema bei zimeshuka, mwenye macho aone. Wa Wantam anasema uongo mtupu, ngano niliyonunua jana si ya bei hiyo. Nikawaambia ndugu zangu nyote wawili mmekosea. Hiyo nambari haisemi bei imeshuka, inasema bei imeacha kukimbia, sasa inatembea. Ilipopanda mpaka juu ya mnazi haikuteremka, imekaa huko huko juu inapanda polepole. Kwa hiyo nambari ni ya kweli na mfuko wangu pia ni wa kweli. Lakini mwanasiasa wa serikali anakuja na nambari kana kwamba mfuko wangu ndio muongo, na wa upinzani anakuja na mfuko wangu kana kwamba nambari imepikwa Ikulu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunieleza hivi nilivyowaeleza hapa, na mimi nilielezwa na kijana mmoja anayetoa mizigo bandarini kwa bei ya chapati mbili.

Dola ni hivyo hivyo. Ilifika mia na sitini Januari 2024, watu wanalia, wenye magari ya kuagiza Japani wanalia, halafu serikali ikapata pesa za kulipa ule mkopo wa Eurobond wa dola bilioni mbili uliokuwa unaiva Juni, dola ikashuka mpaka mia na ishirini na tisa hivi ikatulia. Hiyo ni kazi, mtu apewe haki yake. Ila mkopo wa zamani ulilipwa kwa sehemu kubwa na mkopo mpya wa dola bilioni moja na nusu uliochukuliwa Februari mwaka huo, na deni lote la nchi, ambalo alilikuta liko trilioni nane na kitu, 2025 limeshapita trilioni kumi na moja. Hiyo sentensi nzima sijawahi kuisikia kwa mwanasiasa mmoja. Huyu anaisema nusu ya kwanza, yule nusu ya pili, na mimi nikizishika zote mbili pamoja naambiwa sina msimamo.

Sasa karatasi ya mshahara ya mwanangu. Anafanya kazi ofisini hapa mjini, mshahara elfu arobaini kabla ya makato. 2022 alikuwa anakatwa bima ya afya ya NHIF elfu moja na akiba ya uzeeni ya NSSF mia mbili. Leo SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF, ni asilimia 2.75, yaani elfu moja na mia moja, tozo ya nyumba asilimia moja na nusu, yaani mia sita, na NSSF elfu mbili na mia nne. Kutoka elfu moja na mia mbili mpaka elfu nne na mia moja, na kodi sijaigusa. Yeye kura yake 2022 alimpa huyu huyu Rais, kwa sababu aliambiwa uchumi unatoka chini, hasla, yaani mtu wa kuhangaika, sasa ni zamu yake. Anasema amedanganywa.

Nikamuuliza, ni lini alisema hatakukata? Akatafuta. Nyumba ilikuwa kwenye kampeni, kila mtu aliisikia, ambacho hatukusikia kwa sauti ile ile ni kwamba tutaijenga sisi kwa mshahara wetu, kwa lazima. NSSF nayo ile sheria ni ya 2013, ya enzi ya Uhuru, ilikwama mahakamani mpaka Februari 2023 ndio ikaanza kuuma, na angalau hiyo ni akiba yake. Kwa hiyo huo ni uongo? Mimi naona kuna uongo, kuna ahadi iliyoshindikana, kuna mtu kubadilisha mawazo, na kuna huu wa nne ambao ndio mbaya kuliko yote, kukuambia tamu yote na chungu ukaikute mwenyewe njiani. Kwa Kiswahili chetu hicho si uongo, ni kuficha pilipili ndani ya maandazi. Lakini jukwaani hayo yote manne yanaitwa neno moja, muongo, ama yanaitwa neno moja, mchapakazi, na basi, stori imeisha.

Na nyumba zenyewe zipo, Mei 2025 alikabidhi funguo kule Mukuru, Nairobi, watu wameingia. Anayesema hakuna nyumba hata moja anadanganya. Lakini ile laki mbili kwa mwaka aliyokuwa akiitaja, iko wapi? Nani anahesabu? Kila mtu ana hesabu yake na kila hesabu inatoka kwenye chama.

Mbolea pia. Alisema mfuko wa kilo hamsini kutoka elfu sita na mia tano utashuka hadi elfu tatu na mia tano, ikashuka, wakulima wakapanda. Halafu 2024 ikatokea ile ya mbolea feki. Vitu viwili, vyote vimetokea, chini ya mtu mmoja. Kibandani kwangu ukitaja cha kwanza wewe ni Tutam, ukitaja cha pili wewe ni Wantam, ukivitaja vyote kwa pamoja watu wanakutazama kama umekula kitu kibovu.

Kuna moja sitaki kulifanyia mzaha. 25 Juni 2024. Watoto waliingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wakafika mpaka ndani ya jengo lenu waheshimiwa, na risasi zikapigwa. Tume ya haki za binadamu ilihesabu watu 60 waliokufa kwenye maandamano ya miezi ile. Kesho yake Rais akasema hatausaini. Upande mmoja unasema amesikiliza wananchi, upande wa pili unasema alisikiliza baada ya mazishi. Mimi nasema aliukataa mswada Juni na Desemba mwaka ule ule baadhi ya kodi zilirudi kwa sheria nyingine, nyinyi mlizipitisha. Halafu utekaji. Mtu aliyeingia madarakani akavunja kile kikosi maalum cha polisi Oktoba 2022, na akasema mambo ya watu kupotea yamekwisha, na tukamshangilia kweli, mwisho wa 2024 tume ile ile inahesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni. Mwezi huo wa Desemba kule Homa Bay akaahidi utekaji utakoma. Hapo sina mzani. Mtu akinambia hilo ni propaganda ya upinzani namwambia amalize chai yake na aende, na nimeshapoteza wateja wawili kwa hilo, riziki ni ya Mungu.

Sasa ombi langu.

Yule kijana wa bandarini, ambaye nafikiri angesomea sheria lakini karo haikuwepo, alinionyesha kitu kwenye simu yake nikadhani ananitania. Katiba yetu, ibara ya 132, inamtaka Rais kila mwaka ahutubie kikao maalum cha Bunge, na kila mwaka aeleze taifa amefanya nini kutimiza maadili ya taifa. Vizuri sana. Halafu akanionyesha kanuni zenu wenyewe, kanuni za Bunge la Taifa, zinasema hotuba ya Rais itasikilizwa kwa utulivu na haitafuatwa na maoni wala swali lolote. Na baada ya hapo hoja inayoletwa kujadili hotuba ni gani? Ni hoja ya kutoa shukrani. Yaani mwajiriwa mkuu wa nchi hii anakuja mara moja kwa mwaka kueleza kazi aliyofanya, haruhusiwi kuulizwa, na jawabu limeshaandikwa kabla hajafungua mdomo, jawabu ni ahsante.

Mimi nikiajiri msichana wa kunisaidia kukanda, jioni nikimuuliza unga umekwenda wapi, nisiruhusiwe kuuliza, nimwambie tu ahsante?

Na huo utulivu wenyewe hamuufuati. 21 Novemba 2024 nilikuwa na redio hapa, Rais akasema anafuta ile mipango ya Adani, kampuni ya India, ya uwanja wa ndege wa JKIA na ya nyaya za umeme, Bunge zima likalipuka makofi na vifijo. Waheshimiwa, mlikuwa mnashangilia nini? Mpango uliofutwa ulikuwa wa serikali hiyo hiyo iliyokuwa imeutetea miezi yote ile, na tangazo lilikuja siku moja baada ya Marekani kumfungulia mashtaka mwenye kampuni. Siku ile ndio ilikuwa siku ya maswali. Nani aliuanzisha, nani aliukagua, tumepoteza kiasi gani, na kama ulikuwa mzuri mbona umefutwa, na kama ulikuwa mbaya mbona ulitetewa? Swali dogo kama hilo lingejibu ugomvi wa miezi sita kibandani. Badala yake mkapiga makofi, kisha mkaenda kwenye hoja ya shukrani.

Kwa hiyo naomba ile sentensi ya "haitafuatwa na maoni wala swali" muifute. Mheshimiwa Wetang'ula, kamati ya kanuni wewe ndiye mwenyekiti wake, haihitaji kura ya maoni ya wananchi wala pesa za wafadhili. Wekeni saa mbili baada ya hotuba, Rais akae pale pale, wabunge na maseneta wapigiwe kura ya bahati nasibu nani atauliza, isiwe wenyeviti wa vyama ndio wanachagua, maana wakichagua tutapata wale wa kuuliza Mheshimiwa Rais umewezaje kuwa mzuri hivi.

Na wiki moja kabla ya hotuba, itoke karatasi. Si kitabu cha picha za rangi, karatasi. Upande mmoja yale aliyoyasema mwaka jana kwa maneno yake mwenyewe, upande wa pili yaliyofanyika na pesa zilizotumika, na isiandikwe Ikulu. Tuna Mkaguzi Mkuu, tuna Msimamizi wa Bajeti, hawa tunawalipa tayari. Ni Mkaguzi Mkuu aliyetuambia ule mfumo wa kompyuta wa SHA, mamlaka ya bima ya afya, wa shilingi bilioni 104.8 serikali haiumiliki, na ripoti yake mkaijadili siku ngapi vile? Ripoti zao zinakuja nene, zinakuja zimechelewa, na zinasomwa na mtu anayetafuta mstari mmoja wa kumpigia mwenzake. Wapeni kazi ya kuweka neno na tendo kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, niubandike hapa ukutani karibu na bei ya mahamri.

Wenye chama watasema huu ni mtego kwa Rais. Si mtego. Kama bandari alirudisha, itaandikwa amerudisha, na yule wa Wantam atanyamaza kwa lazima. Watu wa Rais wanalalamika kila siku kwamba kazi yake haionekani, haya, itaonekana, kwa mhuri wa Mkaguzi. Na wa upinzani wasifurahi mapema. Ukurasa huo nautaka na wa kwao. Nani alikuwa wapi, alipigia kura nini, Sheria ya Fedha ya 2023 nani alisema ndiyo, ile ya nyumba nani alisema ndiyo, ili mtu akija hapa 2027 kuniomba kura kwa kusema alipinga tangu mwanzo nimuonyeshe ukutani. Gachagua aandikiwe miaka yake miwili. Walioingia serikalini Agosti 2024 waandikiwe walivyosema Juni na walivyosema Septemba. Hapo nyani wote wataona makundule yao kwa pamoja.

Najua mnavyofikiri, kwamba mama wa chai anataka Rais ahojiwe kama mshukiwa. Hapana mamangu, mimi namuheshimu Rais, kiti kile ni kikubwa. Aliyeshinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za marehemu Raila ana deni kwa hao wote, waliompa na waliomnyima. Tofauti yao haijai hata laki mbili na nusu. Watu karibu nusu na nusu, wanakaa benchi moja kibandani kwangu, wanakunywa chai kutoka birika moja, na hawana karatasi hata moja wanayokubaliana wote kwamba hii ni kweli. Ndio maana wanatumia vikombe.

Hotuba huwa Novemba. Muda upo, kamati inaweza kukaa, si lazima mkae hotelini, hata hapa kibandani mnakaribishwa, benchi zipo mbili na ya tatu fundi anaipiga misumari. Chai ni shilingi ishirini, mahamri kumi. Wale madereva wawili wameshapita tena juzi wakielekea Malaba, wamekaa benchi moja kama kawaida, wakaagiza kama kawaida, na kikombe changu hakuna aliyekilipa kwa sababu kila mmoja anasema ni mwenzake aliyekivunja.

Ni mimi,
mama wa mahamri, Changamwe